Jiwe la Theresia Lilikuwa la Kwanza

(Maneno ya Bi Chausiku Shabani, muuzaji, siku ya kuagwa kwake na ya kufunguliwa upya kwa Duka la Ushirika la Mifenesini, Morogoro, Agosti 1982)

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Ndugu Stefano, Katibu wa Chama wa Kata yetu. Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Ushirika. Padri wetu na Shehe wetu, mliokaa leo bega kwa bega kama mlivyokuwa mkisimama kwenye foleni ya sukari. Ndugu wageni waalikwa mliopata viti. Na ninyi ndugu zangu mliosimama juani nyuma ya kamba, ambao siku zote mnatajwa mwisho, na leo nimewataja mwisho kwa makusudi, ili maneno yangu yanayofuata yaanze kwenu. Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote nawasalimu.

Nimepewa hotuba ya kusoma. Hii hapa, imepigwa taipu, kurasa mbili, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Inasema kwamba mimi, Chausiku, niliyefika Morogoro kutoka Tabora nikimfuata mume wangu wa reli, nimesimama nyuma ya mizani ya duka hili miaka kumi na tano bila kumpunja mtu. Hilo ni kweli na nawashukuru walioliandika. Inasema pia kwamba siku ya fujo nilisimama imara dhidi ya wahuni, walanguzi na wavivu waliotaka kuhujumu ushirika wetu. Hilo nimelisoma mara tatu, na kila mara nimeshindwa kulitoa mdomoni. Kwa hiyo naikunja karatasi, naiweka hapa chini ya bilauri ya maji isipeperuke, na nitasema yangu.

Naona Ndugu Katibu ameanza kuangalia saa. Ndugu Katibu, kwa miaka kumi na tano sikumpunja mtu hata nusu robo ya sukari. Leo naomba na mimi nisipunjwe dakika.

Mheshimiwa, wewe umehamia wilaya hii mwezi wa nne, kwa hiyo ulichokisoma kwenye faili ndicho unachokijua. Faili linasema kwamba asubuhi ya Jumanne moja ya mwezi Februari, mwaka jana, watu wapatao mia mbili walivunja mlango wa duka hili na kupora kila kitu kilichokuwamo. Linasema chanzo ni wahuni. Linasema aliyeanzisha ni mwanamke mmoja wa Bigwa anayeitwa Theresia, ambaye alionekana na jiwe mkononi. Mwisho linasema kwamba kaya thelathini na nne za upande ule wa juu, upande wa Theresia, zimefutwa kwenye daftari la duka mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Leo tunakata utepe. Leo bidhaa zimekuja. Na bado hakuna mtu aliyeamua vinginevyo.

Sasa naomba mniruhusu niulize. Wahuni ni nani? Mimi nilikuwapo. Niliwaona walioingia kupitia mlango ule. Aliingia mwalimu aliyewafundisha kusoma nusu ya wajumbe wa Kamati hii. Waliingia wafanyakazi wa kiwandani waliotoka zamu ya usiku, wakiwa bado na vumbi la pamba kichwani. Aliingia mzee mmoja wa kwaya, jina lake nalihifadhi, akatoka na katoni ya kiberiti, na Jumapili iliyofuata alituimbisha vizuri kabisa. Na nikirudi nyumbani kwangu mwenyewe, siku ya tatu, nilikuta mche mzima wa sabuni juu ya ndoo. Nikamwuliza mume wangu umetoka wapi. Akasema ameukuta. Nikamwuliza ameukuta wapi. Akaniambia niache kumhoji kama polisi, nguo ni chafu. Basi tulifulia. Ninawaambia haya ili mtu asije akadhani nimesimama hapa nikiwa safi. Usafi wangu wa mwezi ule wote ulikuwa wa sabuni ya wizi.

Sisemi kwamba kupora ni jambo jema. Waliochukua walichukua mali yao wenyewe na ya jirani zao, kwa sababu duka hili ni la wanaushirika, na kwa mwaka mmoja na nusu tumekuwa tukivuka mto kwenda kuomba chumvi kwenye dirisha la watu wengine, tukiangaliwa kwa jicho la pembeni. Nimelia kwa ajili ya duka hili. Lakini kulia ni kitu kimoja na kusema uongo ni kingine.

Tunaambiwa chanzo ni njaa na uhaba. Hata hilo silikubali. Tulipotoka vitani tuliambiwa tufunge mkanda miezi kumi na minane, tukafunga. Miezi ikaisha, tukaongeza tundu lingine kwenye mkanda, tukafunga tena. Watu wa mtaa huu walikunywa uji wa chumvi, kisha wakanywa uji usio na chumvi. Wanawake walifua kwa majani ya mpapai. Harusi zilifanyika kwa chai ya mchaichai isiyo na sukari, na bibi harusi akacheka. Je, kulikuwa na fujo? Je, kuna mtu alirusha hata kokoto? Miaka miwili na zaidi mlango wa duka hili ulikuwa wa mbao, na kufuli lake lilikuwa bovu, nililifungua kwa pini ya nywele mara ngapi sijui, na hakuna aliyeusukuma. Leo tumewekewa mlango wa chuma. Nimeusifia rangi yake, ni nzuri. Lakini nataka kuuliza mlango wa mbao ulitulinda kwa nini muda wote ule.

Ulitulinda kwa sababu ya mawe.

Wageni wetu pengine hawajui, nami nitawaeleza. Hapa kwetu bidhaa zikisikika kwamba zinakuja, mtu hawezi kusimama uwanjani mchana na usiku. Ana shamba, ana zamu, ana mgonjwa. Kwa hiyo anakuja, anaweka kitu chake kwenye mstari, anakwenda zake. Mmoja ataweka jiwe. Mwingine ataweka ndala moja, ya pili anabaki nayo ili isiibwe pea. Mwingine kopo la maziwa lililotobolewa, kwa sababu lisilotobolewa litachukuliwa. Mwingine kipande cha tofali chenye alama ya mkaa. Asubuhi kila mtu anarudi, anasimama nyuma ya kitu chake, na hakuna anayebishana. Watani zangu Waluguru, ambao huwa nawatania kwamba kila jiwe la mlima ule lina mwenyewe na mwenyewe ana shangazi, walikuwa wakali kuliko wote katika jambo hili. Ukilisogeza jiwe la mtu shubiri moja, utaitwa kikao. Sijawahi kuona jiwe likirushwa kutoka kwenye mstari ule, wala sijawahi kuona tajiri akilitangulia jiwe la maskini. Sheria ile haikuandikwa na ofisi yoyote. Tuliitunga wenyewe, na ndiyo sheria pekee ya miaka ile niliyoiona ikimtendea kila mtu sawa.

Jumatatu ile, siku moja kabla ya fujo, lori lilikuwa limeonekana. Mchana Theresia akashuka kutoka Bigwa na jiwe lake. Wengi mnamfahamu: mwanamke mrefu, mkulima wa kabichi na karoti kwenye miteremko ya juu, hapendi mzaha. Jiwe lake ni nusu ya jiwe la kusagia la marehemu mama yake, lilipasuka, lina upande mmoja laini. Aliliweka la kwanza kabisa, mbele ya ngazi. Nikamtania, nikamwambia leo umekuja na urithi. Akanijibu kwamba binti yake, Scholastika, anakaribia kujifungua, na hospitali imemwambia aje na doti mbili za kanga, la sivyo mtoto atapokelewa na nini. Akaniuliza kama kanga zipo. Nikamwambia mara mbili kwamba hakuna kanga, labda lori limeleta.

Ndugu zangu, kanga zilikuwapo. Zilikuwa kwenye stoo ya nyuma, marobota kumi na moja, tangu mwezi wa kumi na moja. Zilikuwa za vimemo. Mtu anakuja na kikaratasi kutoka mahali fulani, kina mstari mmoja na sahihi, anapita mlango wa nyuma, anapewa. Mimi ndiye niliyekuwa nikizitoa. Nilikuwa nikizifunga kwenye gazeti ili zisionekane zikipita uwanjani. Hapa mbele, kwenye viti hivi, naona watu niliowafungia, na wananiangalia kwa macho ya kuniomba niendelee haraka. Naendelea.

Jioni ya Jumatatu hiyo hiyo Ndugu Katibu Stefano alikuja dukani. Alikuwa na wasiwasi, na nilimwonea huruma. Alisema kesho asubuhi mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam atapita, huenda akasimama. Maneno yake nayakumbuka yote. Alisema, "Mama Mizani, kesho uwanja uwe mweupe. Mgeni asikute foleni."

Nilimwuliza mawe niyafanye nini. Akasema mawe ni mawe.

Ndugu Katibu, sikusimama hapa kukufanya wewe kuwa shetani. Najua kwamba na wewe uliambiwa na mtu, na mtu huyo naye aliambiwa. Lakini hebu tulitazame agizo lenyewe. Lilishuka kutoka juu, likapita mikono mingapi sijui, na katika mikono yote ile hakuna hata mmoja uliosema: watu wale wamepanga foleni ya nini, tuwapelekee. Kila mmoja aliona haya kwa ajili ya foleni, na hakuna aliyeona haya kwa ajili ya rafu tupu. Walitaka tatizo lisionekane kwa nusu saa, mpaka gari lipite.

Alfajiri nilichukua fagio. Sikumtuma mtu mwingine, wala sikulazimishwa. Niliyajua yale mawe kama ninavyojua vidole vyangu. Nililijua kopo la nani, ndala ya nani. Nikayafagia yote, mia na sabini na kitu, nikayasukumia mtaroni kando ya barabara, na jiwe la Theresia lilikuwa zito, nikaliviringisha kwa mguu. Kisha nikanyunyiza maji ili vumbi litulie. Uwanja ukawa mweupe kama ulivyoagizwa.

Saa moja watu wakaanza kufika. Kila aliyefika alisimama pale anapodhani alikuwa, na walikuwapo watu kumi waliokuwa wa tatu. Sauti zikapanda. Mtu wa zamu alimsukuma mtu wa shamba, mtu wa shamba akauliza kama kiwandani ndiko wanakofundishwa kusukuma. Hata hivyo bado walikuwa wakibishana kwa maneno tu. Ndipo Theresia alipopanda kwenye ngazi ile pale. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, na watu wakamgeukia. Alisema, "Mawe yako mtaroni, nimeyaona. Tuyatoeni. Kila mtu atalijua lake."

Hayo ndiyo maneno ya mtu mnayemwita mchochezi.

Akashuka mtaroni. Wanawake wengine wakamfuata, labda arobaini. Akalipata jiwe lake, akalifuta matope kwa upindo wa kanga, akapanda nalo, amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Na hapo mwanamgambo wetu, Andrea, aliyekuwa amewekwa mlangoni na kuambiwa fujo isitokee mbele ya mgeni, akaona wanawake arobaini wanapanda kutoka mtaroni na mawe. Akapiga filimbi. Akampiga Theresia rungu kwenye mkono wa kulia. Sauti ya ule mfupa niliisikia nikiwa nyuma ya mizani. Jiwe likaanguka kwenye ngazi, na watu waliokuwa nyuma, wasioona chochote ila mwanamke ameanguka na mtu mwenye rungu, wakasonga mbele wote kwa pamoja. Mlango wa mbao ulikwenda hivyo. Hakuna aliyeuvunja kwa jiwe. Uliangushwa na vifua vya watu.

Andrea, nakuona hapo kwenye lango. Usiondoke, sikukutaja ili uaibike. Uliponijia wakati wa Kwaresima ukaniambia, "Mama, nililijua lile jiwe si la kurusha, maana kikapu cha mama yangu kilikuwa namba tisa," ulifanya kitu ambacho mimi kwa miezi yote ile sikuwa nimekifanya.

Hata baada ya mlango kuanguka, Mheshimiwa, watu walisita. Amini usiamini, walisimama mbele ya meza ya mauzo wakijishangaa. Mpaka mtu mmoja aliyesukumwa akafika stoo ya nyuma, akatoka na robota la kanga begani, akalifungua juu ya meza mbele ya kila mtu. Wanawake niliowaambia hakuna, na hakuna, na hakuna, tangu mwezi wa kumi na moja, waliziona zimepangwa, mpya, zinanuka rangi ya kiwandani. Hawakunitukana. Mmoja aliniangalia tu. Tangu hapo hapakuwa na duka tena. Kufika saa nne vilikuwa vimekwisha, sukari, sabuni, kiberiti, mpaka sahani moja ya mizani, ambayo baada ya wiki mbili niliikuta mlangoni kwangu imefungwa kwa gazeti. Marobota matano tu yaliokolewa, yakapelekwa kuhifadhiwa ofisini.

Na mgeni wetu mkubwa? Hakusimama. Magari yake yalipita barabara kuu yakaenda Dakawa kuangalia mpunga. Sidhani kama aligeuza hata shingo.

Sasa nafika kwenye langu, na hili ndilo lililonifanya nikatae kusoma karatasi. Siku ya pili tu baada ya fujo Kamati ya Uchunguzi ilikaa darasani, wajumbe saba, nikaitwa. Waliniuliza maswali kumi na moja. Hakuna swali lililohusu fagio. Hakuna swali lililohusu vimemo. Swali la tisa lilikuwa hili: je, ulimwona Theresia akiwa na jiwe mkononi? Nikajibu, "Nilimwona." Katibu wa Kamati akaandika, na nikaona kalamu yake ikipumzika, kama mtu aliyefika safari yake. Nilingoja waniulize alilishikia nini. Hawakuuliza. Na mimi, mtu mzima, mwenye mdomo unaozungumza mpaka ninyi wenyewe mnalalamika, nikanyamaza. Niliogopa. Nilijua wakiuliza jiwe lilikuwa la nini watauliza nani alilitupa mtaroni, na wakimpata aliyelitupa watauliza stoo ilikuwa na nini. Nikapokea nauli ya shahidi nikarudi nyumbani.

Kwa neno langu lile moja Theresia alikaa rumande miezi mitatu, kisha akaachiwa kwa sababu hapakuwa na kesi. Mkono wake uliunga vibaya, hawezi kushika jembe zaidi ya saa moja. Scholastika alijifungua siku ya nne baada ya fujo, mama yake akiwa ndani, na mtoto alipokelewa kwa shati la kazi la baba yake. Na kaya thelathini na nne, ambazo nusu yake hazikuwa hata zimefika uwanjani asubuhi ile, zimekuwa zikinunua chumvi kwa mlanguzi. Ndugu wajumbe, mnawalaani walanguzi katika kila kikao, na ninyi ndio mliowapa wateja.

Wiki iliyopita nilipanda Bigwa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba msamaha, na nusu yake niliyasahau kwenye mteremko. Theresia alinipa kigoda, akanipa maji, akaendelea kumenya maharage kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia nitamwombea kwa wakubwa arudishiwe kadi ya duka kwa huruma. Hapo alikasirika. Alisema, "Sitaki huruma ya mtu. Waambie tu lile jiwe nililishikia nini."

Nimewaambia.

Mtaniuliza ushahidi uko wapi, kwa maana mimi ndiye yule yule niliyesema nusu. Basi naomba mnisogezee kile kikapu changu. Asante, Andrea, litoe hilo jiwe, liweke hapa mezani, mbele ya Mheshimiwa, taratibu, ni zito. Jioni ya siku ile, nilipokuwa nafagia vioo, nililikuta kwenye ngazi. Nimelificha mwaka mmoja na nusu, kwanza chini ya meza ya mauzo, kisha chini ya kitanda changu. Mheshimiwa, liguse. Upande huu ni laini, umesagiwa ulezi na mwanamke ambaye sasa ni marehemu. Hakuna mtu anayekwenda kufanya fujo na jiwe la kusagia la mama yake. Mtu anakwenda nalo kwa sababu anajua kwamba hata akiondoka, litabaki nyuma likimsemea.

Nimepewa pia zawadi, na adabu inanitaka niishukuru. Ni doti moja ya kanga, nzuri, na nimeitambua chapa yake. Imetoka kwenye yale marobota matano. Msikasirike, siikatai kwa kiburi. Naomba tu isitoke nami kupitia mlango wa nyuma. Irudishwe ndani, ipangwe mezani pamoja na nyingine zote zilizobaki, iuzwe kwa bei ya duka, na anayeitaka apange foleni. Na hapo ambapo ofisi imeandika kwamba mimi ni shujaa, naomba mfute, muandike kwamba mimi nilifagia. Kama kuna wa kufikishwa mbele ya Kamati, anwani yangu mnaijua, sihami. Nimestaafu, nina muda wa kutosha.

Nawashukuru wanaushirika mlionivumilia miaka hii yote. Nawashukuru wenzangu wa dukani. Na ninyi nyote mliokaa na mliosimama, mmenipa masikio yenu mpaka mwisho, nami sina cha kuwalipa ila kunyamaza sasa.

Lakini nikishuka hapa sirudi kitini. Nalibeba jiwe hili, nakwenda kuliweka mbele ya ngazi, pale pale lilipokuwa. Mheshimiwa, mkasi unao wewe, na daftari analo Ndugu Katibu. Theresia amesimama nje ya uzio tangu saa mbili, pamoja na binti yake na mjukuu wake. Hakuja kuomba kitu, amekuja kununua kanga, na yeye ni wa kwanza.